Salamu ya Boila

Kituoni walimwita Kiroboto, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini. Inspekta yule, mwanamke mwembamba mwenye viatu vilivyolika visigino, hakuwahi kuonekana amekaa kitini mpaka chai ikaisha. Aliinywa huku anatembea, na mara nyingi aliisahau dirishani ikapoa. Asubuhi hiyo alikuwa ameizunguka boila namba moja ya kiwanda cha sabuni mara nyingi mno, hata Sajini, msaidizi wake mnene mwenye pumzi fupi, akaanza kuona kizunguzungu kwa kumtazama tu.

"Afande, boila haitakimbia," Sajini alisema.

"Boila haitakimbia. Saa ndiyo inayokimbia."

Hapo hakutia chumvi. Saa nane mchana Kamanda alitaka mama mwendesha boila afikishwe mahakamani kwa uzembe uliomjeruhi mtu. Kiwanda kizima kilimwita mama huyo Shangazi. Juzi maji ndani ya boila yalipanda joto kupita kikomo. Vali ya usalama ikafunguka yenyewe kama ilivyoundwa, ikamwaga mvuke upande wa ngazi, na juu ya ngazi alikuwapo kijana. Kengele ya hatari inapolia hakuna mwenye akili zake anayepanda ngazi ile, ila siku hiyo kengele haikulia. Kijana alikuwa amelazwa hospitali, ameungua mgongo na mikono. Alikuwa mtoto wa kaka yake Shangazi, wa damu kabisa, na jina hilo la Shangazi lilianzia kwake, siku ya kwanza alipokuja kazini na kumwita hivyo mbele za watu.

"Mimi sina la kuongeza," meneja wa kiwanda alisema huku akijipepea kwa kofia yake ngumu ya plastiki. "Kengele tumeijaribu, nzima. Kompyuta nzima. Swichi ya kuzimia kengele iko mezani kwa Shangazi na hakuna mwingine anayeikaribia. Moja na moja ni ngapi?"

"Inategemea anayejumlisha ni nani. Kengele mliijaribu kwa swichi hii?"

"Kwa kitufe chake, kule juu ukutani."

Kiroboto aliinama juu ya meza. Katika chumba kile kila kitu kilikuwa kimefunikwa na unga wa sabuni, na mvuke wa miaka ulikuwa umeugandisha unga huo kama rangi iliyokauka. Swichi nayo ilikuwa imevikwa koti hilo, kuanzia kichwa mpaka kwenye tundu lake. Hakukuwa na ufa wala mkwaruzo. Aliigusa kwa ukucha, kipande kikabanduka na kudondoka mezani.

"Swichi hii haijaguswa tangu mama yangu aolewe," alisema. "Mtu hawezi kuisukuma bila kuvunja gamba hili. Shangazi hakuzima kengele."

Meneja alifungua mdomo ili abishe, lakini Sajini alimtangulia. Alikuwa amejipenyeza nyuma ya boila, tumbo likimpa shida, na sasa sauti yake ilitoka huko kama ya mtu aliyemo ndani ya pipa.

"Afande! Kuna waya umekatwa huku!"

"Koleo!" meneja aliruka. "Nilijua! Ndivyo tulivyomwita fundi umeme niliyemfukuza mwezi uliopita. Aliondoka hapa anaapa kwamba tutajuta. Mkamateni huyo!"

Kiroboto alichangamka. Mtu mwenye kinyongo na waya uliokatwa, kesi gani ingekuwa tamu kuliko hiyo? Akajipenyeza nyuma ya boila, akamulika ncha mbili za waya kwa tochi, na utamu wote ukayeyuka. Koleo ya kukatia waya ingeziacha ncha zimebanwa na zinang'aa. Hizi zilikuwa nyeusi, zimekonda, na ganda lake lilivunjika vidoleni kama biskuti. Kando yake, chuma cha kushikilia bomba kilikuwa kimesuguliwa mpaka kikang'aa. Boila ilitikisika kila siku, na kila siku waya ulijisugua pale pale mpaka ukachoka.

"Koleo mwacheni apumzike," alisema akijipangusa. "Huu umekatika wenyewe. Ni wa nini?"

"Wa kipimajoto. Unapeleka habari ya joto kwenye kompyuta."

"Kwa hiyo ulipokatika, kompyuta ikapofuka. Na kompyuta ikipofuka inatakiwa ifanye nini?"

Meneja aliitazama kofia yake. "Hilo muulize Mkalimani. Yeye ndiye aliyeifunga."

Kiroboto alikuwa ameshafika mlangoni. Hakuelekea kwa Mkalimani kwanza. Alitaka kusikia kutoka kwa mtu aliyekuwa amekaa mbele ya skrini siku ile.

* * *

Kwenye ukumbi wa kituo, mwanamke mmoja alikuwa amekaa benchini, amekumbatia kikapu chenye chupa ya chai na shuka zilizokunjwa. Hakuinua macho.

"Mama wa yule kijana aliyeungua," askari wa kaunta alinong'ona. "Wifi yake huyo tuliyemfungia. Yupo hapa tangu asubuhi. Nikimuuliza anataka nini, ananijibu anangoja. Nadhani anataka kumwona akipelekwa mahakamani."

Kiroboto alipita. Mahabusu, Shangazi alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Alikuwa mwanamke mkubwa, na nyusi zake ziliungua zamani kwa moto wa kazi na hazikuota tena.

"Shikamoo, Shangazi," Kiroboto alijikuta akisema.

"Marahaba, mwanangu. Sikuzima kengele."

"Najua."

Shangazi aliinua kichwa. Tangu juzi hakuna aliyemwambia neno hilo.

"Niambie skrini ilionyesha nini siku ile," Kiroboto alisema, akitembea kutoka ukuta hadi ukuta, hatua tatu kwenda, tatu kurudi.

"Vistari. Pale panapoandikwa joto palikuwa na vistari vitupu. Lakini taa ya kijani inawaka, kengele kimya. Nikasema basi, skrini imeshikwa na mafua. Kungekuwa na hatari, kengele ingelia. Enzi za kompyuta ya zamani ingelia."

"Umejuaje?"

"Si nilikuwa naiamkia!" Kwa mara ya kwanza uso wake ulichangamka. "Wewe hujui kuiamkia boila? Kila asubuhi kabla ya kazi, unachomoa plagi ya kipimajoto. Inapiga ukelele huo, majirani wote wanajua tumefika kazini. Unairudisha, inanyamaza. Ndiyo salamu yake. Ikiitikia, unajua imeamka salama. Aliyenifundisha kazi alifanya hivyo, na mimi nikamfundisha mtoto wa kaka yangu. Siku zake za kwanza aliruka hata akaangusha kofia, tulicheka sisi!"

"Na hii kompyuta mpya, uliiamkia?"

"Tulikatazwa. Mkalimani alisema ukichomoa plagi umeme ukiwa unawaka, kadi ya ndani itaungua, na kadi ni ghali. Mimi nani nibishane na msomi? Nikaacha."

Kiroboto alisimama. "Kijana alipanda ngazi kufanya nini?"

Shangazi aliitazama mikono yake. Alianza kuikunja na kuikunjua.

"Juu kule kuna kipimo cha zamani, cha mshale. Nilimtuma mimi. Nilimwambia, mwanangu, panda ukatazame mshale unasemaje, maana hii skrini siielewi. Akapanda anaimba." Machozi yalimtoka, na hakuyafuta. "Hilo sijamwambia mtu. Wifi yangu sijamwambia. Nitamwambia kwa mdomo gani?"

Kiroboto alikuwa na kalamu mkononi. Neno lile hakuliandika. Halikuwa kosa la jinai, na kwa maoni yake lilikuwa na mwenyewe wa kulipeleka. Alimpa Shangazi kitambaa chake cha mkononi, akatoka kwa kasi iliyomfanya Sajini amkimbilie huku akihema.

* * *

Ofisi ya Mkalimani ilikuwa na baridi ya mashine. Mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, ndevu zimechongwa vizuri, na alizungumza na askari kama mtu anayewaelekeza wageni njia.

"Kompyuta ya zamani ilikufa," alieleza. "Prosesa yake, yaani ubongo wake, haitengenezwi tena popote. Aliyeandika programu ya boila alishafariki, na maandishi yake ya awali hayajulikani yalipo. Kuiandika upya ni hatari. Basi mimi nikaandika programu ya kuigiza ile prosesa. Inasoma kila amri ya zamani na kuitekeleza kwenye mashine mpya. Programu ya boila haijui hata kwamba imehamishwa nyumba."

"Ndiyo maana wanakuita Mkalimani."

"Ndiyo."

"Na mkalimani akikosea neno moja?"

Alitabasamu. "Nilijaribu kila amri kwa mamilioni ya namba, majibu yakalingana na ya prosesa ya zamani mpaka tarakimu ya mwisho. Ngoja nikuonyeshe."

Pembeni ya ofisi kulikuwa na meza ya majaribio, na juu yake kompyuta kama ile ya kiwandani, kadi ya akiba, kipimajoto kwenye waya wake, na kengele ndogo. Mkalimani alichemsha maji kwenye birika la umeme, akakitumbukiza kipimajoto. Namba kwenye skrini zikapanda. Zilipogusa kikomo, taa ya kijani ikazimika na kengele ikalia kwa nguvu, Sajini akaziba masikio.

"Mmeona?" Mkalimani alikitoa kipimajoto, kengele ikanyamaza na taa ya kijani ikawaka tena. "Yule mama aliizima tu. Poleni kwa safari."

"Sasa iamkie," Kiroboto alisema.

"Nini?"

"Chomoa plagi."

Mkalimani alimtazama, akamtazama Sajini ambaye alikuwa ameujaza mlango wote, akaona hakuna pa kupita. Akanyoosha mkono, akaibonyeza plagi ubavuni na kuichomoa.

Kwenye skrini namba zilitoweka, vikabaki vistari. Taa ya kijani iliendelea kuwaka. Kengele kimya. Walisubiri, na katika ule ukimya birika likasikika likipoa.

"Boila namba mbili inaendeshwa na nini?" Kiroboto aliuliza.

"Na... na hiyohiyo."

Kiroboto alikuwa ameshashika simu. "Meneja? Zima boila namba mbili. Sasa hivi. Sabuni itangoja. Nimesema zima!" Akaikata, akaanza kuizunguka meza. "Haya. Vistari hivi vinatoka wapi?"

Mkalimani alilamba midomo. Majivuno yalikuwa yamempungua, lakini kazi yake aliijua, akaieleza vizuri. Kadi ilipima umeme unaokwenda kwenye kipimajoto na umeme unaorudi, na programu iligawa wa pili kwa wa kwanza ili kupata joto. Waya ukikatika, vyote viwili vinakuwa sufuri.

"Na sufuri ukiigawa kwa sufuri haina jibu," alisema. "Prosesa haiwezi kuacha pengo, kwa hiyo inaweka alama maalumu, kwamba hapa hapana namba. Sisi tunaiita si-namba. Sehemu ya programu inayoandika kwenye skrini ikikuta si-namba, inaandika vistari."

"Sehemu hiyo ilitambua. Na sehemu ya kengele inauliza nini?"

"Inauliza, joto liko chini ya kikomo? Likiwa chini, taa ya kijani. Lisipokuwa chini, kengele."

"Na si-namba iko chini ya kikomo?"

"Haiko chini, haiko juu, wala hailingani nacho. Si namba, utailinganishaje? Prosesa ya zamani ukiiuliza lolote kati ya hayo inajibu hapana."

"Basi ya zamani ingejibu hapana, haliko chini. Kengele ingelia."

"Ingelia," Mkalimani alisema.

"Yako inajibu ndiyo. Nionyeshe ulivyoiandika hiyo amri ya 'chini ya'."

Alifungua faili, akateremka mistari mingi ya maandishi, akafika. Alisoma, akarudia, na kidole chake kikabaki kimegusa kioo cha skrini. "Nilikuwa nimeshaandika amri ya 'imefika au imepita'. Kwa hiyo hii nyingine nikaiandika kwa kuigeuza ile. Kama haijafika wala kupita, basi iko chini. Si ni kitu kilekile?"

Kiroboto alimgeukia msaidizi wake. "Sajini, mume wangu anakufikia urefu, au anakupita?"

Sajini alipepesa macho. "Afande, wewe huna mume."

"Jibu ndiyo au hapana. Anakufikia au kukupita?"

"Hapana basi."

"Kwa hiyo ni mfupi kuliko wewe."

"Atakuwaje mfupi na hayupo?"

Mkalimani hakucheka. "Nilijaribu mamilioni ya namba," alisema polepole.

"Zote zilikuwa namba," Kiroboto alimjibu.

Sajini alishusha pumzi. Kwake yeye kazi ilikuwa imekwisha, na bado muda ulikuwepo. Hili lilikuwa kosa, na makosa hutokea. Shangazi angetoka, msomi angerekebisha mstari wake mmoja, kila mtu akale chakula cha mchana. Alikuwa ameshageuka mlangoni alipoona kuwa Kiroboto hamfuati. Tena alikuwa amesimama tuli, jambo ambalo Sajini hakulizoea, na lilimtia wasiwasi kuliko kengele.

"Shangazi alikatazwa kuiamkia boila," Kiroboto alisema. "Angeiamkia hata asubuhi moja tu, angegundua kuwa haiitikii. Kwa nini ulimkataza?"

"Kwa usalama wa kadi. Ukichomoa plagi umeme ukiwa unawaka, inaungua."

"Hii hapa hukuzima umeme."

Mkalimani alitazama mkono wake. Plagi ilikuwa bado imo kiganjani.

Kiroboto aliichukua taratibu, akaichomeka. Namba zikarudi kwenye skrini. Akaichomoa, vistari. Akaichomeka tena, akaichomoa tena, na kila mara ilitoa mlio mdogo wa kubana na kuachia, kwa kuwa iliundwa ili ichomolewe. Kadi haikuungua wala kutoa moshi.

"Mtu anayeogopa kuunguza kadi, mkono wake unatangulia kwenye swichi ya umeme," alisema. "Wako ulikwenda moja kwa moja kwenye plagi. Unajua haiungui. Sasa usinizungushe, bwana. Mama wa watu yuko mahabusu."

Kwa muda Mkalimani alikuwa kama atabisha. Kisha mabega yakamshuka na akakaa.

"Siku ya kuikabidhi nilifika kabla ya watu," alisema. "Nilishawaona wakiiamkia ile ya zamani. Nikataka kuwa wa kwanza kuiamkia hii. Nikachomoa plagi." Alijifuta uso. "Haikulia. Na nje nasikia gari la meneja linaingia, na wakubwa wake. Nikasema nitaitafuta hitilafu wiki ijayo, waya wenyewe hukatika mara chache. Nikawakataza kuchomoa ili nisiaibike. Halafu ikaja kazi nyingine, na nyingine. Nilisahau, wallahi."

"Hukusahau," Kiroboto alisema, na hasira ilimpanda. "Asubuhi hii ungetuambia. Ulijua boila ni kiziwi, ukawakataza wenzako wasiisemeshe. Na juzi walipomchukua yule mama, ulikuwa umekaa hapa hapa kwenye baridi yako. Sajini, mchukue."

* * *

Kamanda alisikiliza akiwa na kofia mkononi, tayari kwa mahakama. Aliuliza maswali mawili, akaitazama saa, akaivua miwani na kusema mama yule aachiwe. Mkalimani akaingia kwa mlango uleule aliotokea Shangazi, na walipopishana kwenye korido alitazama chini.

Shangazi alifika ukumbini akiwa na viatu mkononi, hana hata nguvu ya kuvivaa. Alipomwona mwanamke aliyekuwa benchini, akasimama kama aliyegonga ukuta.

Kiroboto aliwahi kusema. Alimweleza mama wa kijana habari yote kwa kifupi, waya uliochakaa, kengele iliyonyamazishwa na ujinga wa mtu, salamu iliyokatazwa. "Wifi yako hana hatia," alimaliza. "Serikali haina neno naye."

Mwanamke hakumtazama Kiroboto hata mara moja. Macho yake yalikuwa kwa wifi yake.

"Mwanangu alipanda ngazi kufanya nini?" aliuliza.

Askari wa kaunta alijifanya anatafuta kalamu. Kiroboto aliuma mdomo. Angeweza kusingizia chochote, kwamba kijana alikuwa anafagia, kwamba alikuwa anapaka grisi, na hakuna aliyekuwa na ushahidi wa kumpinga. Alijua Shangazi naye analiwaza hilohilo.

"Nilimtuma mimi," Shangazi alisema. Viatu vilimdondoka. "Nilimwambia apande. Ningeweza kupanda mwenyewe, magoti yakanizuia, nikamtuma yeye. Nilimtuma mimi, wifi."

Mama wa kijana aliinuka. Alikuwa mfupi, na ilibidi ainue uso ili amtazame.

"Najua," alisema. "Ameniambia alfajiri, alipopata kauli. Jambo la kwanza alilosema lilikuwa hilo, halafu akaniomba nisikukasirikie. Nikaja kukaa hapa. Nilitaka kusikia kama utaniambia wewe mwenyewe, au utaniachia niishi na wewe miaka yote najifanya sijui."

Aliinama, akaviokota viatu, akavipanga mbele ya miguu ya wifi yake. Kisha akamnyooshea kishikio kimoja cha kikapu.

"Vaa. Anakuulizia, na chai inapoa."

Walitoka wamekishika kikapu huku na huku, upande mmoja juu na mwingine chini, Shangazi akilia kwa sauti barabarani bila kumjali mtu. Kiroboto aliwatazama mpaka walipokata kona. Kisha, mbele ya macho ya Sajini na askari wote wa zamu, akakaa kwenye benchi.